Toleo namba ngapi?

Tangazo la kuondoa chakula sokoni likitoka siku hizi, nusu saa haipiti kabla halijazunguka makundi yote ya WhatsApp, na kila linapozunguka linakatwa mkia. Jina la chapa linabaki, pamoja na picha ya pakiti iliyopigwa msalaba mwekundu. Namba ya toleo, yaani ya fungu la pakiti zilizotengenezwa pamoja, na tarehe ya kutengenezwa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa kiini cha tangazo, vinapotelea njiani. Hukumu nayo haikawii: "Hawa wamekwisha." "Kumbe walikuwa wanatulisha sumu." Mwezi mmoja baadaye chapa ileile iko kwenye rafu, na waliohukumu ndio wanaoinunua, bila kuuliza kilichobadilika ni nini.

Nadhani jambo hili tunalisoma kinyume. Kiwanda kilichosindika chakula kwa miaka 20 bila kurudisha hata katoni moja kutoka sokoni hunitia wasiwasi kuliko kile kilichorudisha mara tatu. Mashine huchakaa, wauza malighafi huchanganya mazuri na mabaya, mtu wa zamu ya usiku husinzia. Kosa litatokea tu. Swali ni kama siku hiyo kiwanda kinaweza kuchora mstari kuzunguka pakiti mbovu na kuziacha nzima zilipo. Mstari huo haiwezekani kuuchora siku ya tangazo. Unachorwa miezi na miaka kabla, na watu ambao hakuna mwandishi wa habari anayewahoji: mtunza stoo, dereva wa gari la mauzo, anayefuta sakafu kati ya zamu na zamu. Viwanda vingi vya ukanda wetu havijauchora, na ndiyo maana matangazo yetu huja yakiwa makubwa, mabaya na ya kuchelewa.

Turudi Novemba 2019. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi, Dola ikiwa mojawapo, baada ya vipimo kuonyesha sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka) kupita kiwango. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa sumukuvu zote kwa jumla, na 5 kwa ile kali zaidi inayoitwa B1. Kampuni ziliamriwa kukusanya unga wao. Januari 2020 zikafuata chapa nyingine 17. Mjadala uliozuka ulikuwa wa aina mbili: wapo waliosema shirika limeamka, na wapo waliosema kuna vita vya kibiashara nyuma ya pazia. Sikumsikia mtu akiuliza kwa nini kilichomfikia mama wa nyumbani kilikuwa majina ya chapa, wakati maabara haijawahi kupima chapa. Maabara hupima sampuli, na sampuli hutoka kwenye toleo fulani, lililosagwa siku fulani, kutoka shehena fulani ya mahindi. Mwenye pakiti ya chapa hiyohiyo iliyosagwa miezi miwili nyuma hakuwa na namna ya kujua kama unga wake ni ule au siyo. Akatupa, au, kwa hali ya maisha ilivyo, akasonga ugali.

Kwa unga kuna ugumu wa kweli, na lazima niwatendee haki wasagaji. Sumukuvu haijitawanyi sawasawa. Katika gunia zima punje chache zilizovamiwa na kuvu zinaweza kubeba karibu sumu yote, kwa hiyo bambo la mpimaji likichomekwa upande huu gunia linafaulu, likichomekwa upande ule linafeli. Msagaji naye hununua kwa madalali waliokusanya debe kwa debe kutoka kwa wakulima mia, kisha kila kitu kinamwagwa kwenye ghala moja la chuma. Unga unaotoka chini ni wa nani? Wa wote. Msagaji anayetaka mstari unaoeleweka lazima apime kabla ya kumwaga, amalize shehena moja kabla ya kuanza nyingine, na akubali ghala likae tupu kwa saa kadhaa. Saa hizo ni pesa. Na niseme jingine ambalo wapenda kanuni hulisahau: vifo vikubwa vya sumukuvu tulivyoviona, vile 125 vya mashariki mwa Kenya mwaka 2004, vilitokana zaidi na mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Hakuna tangazo la kuondoa bidhaa sokoni linalofika kwenye kihenge.

Lakini hatuzungumzii kihenge hapa, tunazungumzia pakiti yenye jina na bei. Na kwa pakiti hakuna somo lililo wazi kuliko la kampuni moja ya Afrika Kusini, Tiger Brands, kwa sababu imepita njia zote mbili, ya kuchelewa na ya kuwahi. Mwaka 2017 ugonjwa wa listeria, unaoletwa na bakteria wa kwenye chakula, ulienea nchini humo. Serikali ilitangaza mlipuko Desemba ya mwaka huo, lakini chanzo hakikutajwa hadharani hadi tarehe 4 Machi 2018, waziri wa afya Aaron Motsoaledi alipoelekeza kidole kwenye kiwanda cha nyama za kusindika cha Polokwane, chini ya kampuni hiyo. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 1,060, na 216 kati yao walifariki. Kwa kuwa poloni, soseji nene inayoliwa bila kupikwa, hukatwa vipande kwenye kaunta na kugusana na nyama nyingine, wananchi waliambiwa waepuke nyama zote za kusindikwa zinazoliwa bila kupikwa. Nchi jirani zikazifungia mipaka nyama hizo. Mstari ulikuwa umechelewa mno kiasi kwamba ilibidi uizunguke rafu nzima.

Miaka mitatu baadaye, Julai 2021, kampuni hiyohiyo ilitangaza kurudisha makopo ya mboga ya KOO na Hugo's yapatayo milioni 20. Kisa? Kasoro kwenye mshono wa pembeni wa kopo, kutoka kwa aliyewauzia makopo. Walipopima makopo 287,040, yaliyovuja yalikuwa 18. Kumi na nane! Hakukuwa na orodha ya maiti, hakukuwa na waziri mbele ya kamera. Gharama ilikadiriwa kati ya randi milioni 500 na 650. Wapo waliocheka kwamba ni kuua nzi kwa rungu. Mimi naona mambo mawili. La kwanza, mtu aliyezika ndugu hamcheki anayekimbilia hospitali kwa homa ndogo. La pili, ambalo halisemwi sana: tarehe zilizohusika zilianzia Mei 2019 hadi Mei 2021, miaka miwili kamili. Mstari ulichorwa mapema safari hii, lakini bado ulikuwa mpana, kwa sababu kasoro ilikuwa ya mara chache na haikuweza kubanwa kwenye siku fulani. Utayari haukufanya zoezi liwe rahisi. Ulifanya tu liwe la makopo badala ya makaburi.

Mstari wenyewe unajengwa na nini? Watu wengi wakisikia "mpango wa kurudisha bidhaa" hufikiria jalada kwenye kabati la meneja, lenye namba za simu za wakurugenzi na barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kabla. Hayo yanahitajika, ila ni sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kuamua toleo ni nini. Kiwanda kinachosafisha mitambo mara moja kwa wiki kina toleo moja la wiki nzima, hata kama kinapiga namba mpya kila siku. Uchafu haujui kusoma namba. Kiwanda kinachochukua mabaki ya jana na kuyarudisha kwenye mchanganyiko wa leo kimefunga leo na jana kwa kamba moja, na kikifanya hivyo kila siku basi mwaka mzima ni toleo moja refu. Kisha kuna hesabu ya kufunga: zilitengenezwa katoni ngapi, zilizouzwa ngapi, zilizo stoo ngapi, zilizopasuka ngapi, walizopewa wafanyakazi sikukuu ngapi, sampuli ngapi. Isipofunga, hujui kilichobaki mtaani. Kiwango cha usalama wa chakula cha BRCGS, ambacho maduka makubwa ya Uingereza huwadai wanaowauzia, kinataka hesabu hiyo ipatikane ndani ya saa 4. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002 inadai kidogo zaidi, kwamba kila mfanyabiashara wa chakula ajue alikonunua na alikouza: hatua moja nyuma, hatua moja mbele.

Niliwahi kulijaribu hili kwenye kiwanda kidogo cha siagi ya karanga jijini Dar es Salaam, kwa idhini ya mwenye nacho. Nilinunua kopo moja duka la jirani, nikamwekea mtunza stoo mezani na kumwomba anipe historia yake. Alikuwa mtu makini. Kauntabuku lake lilikuwa safi, mistari imepigwa kwa rula. "Juma Mbagala, 20. Mama Neema Gongo la Mboto, 35." Tarehe zote zipo, saini zote zipo. Kilichokosekana ni safu moja tu, ya namba ya toleo. Alijua Juma amechukua katoni 20, lakini hakujua ni 20 zipi. Tulipotazama stika ya kopo tukagundua kwamba tarehe ilichapwa kwa roli, na roli moja lilitumika mpaka liishe, siku tatu au nne. Karanga nazo zilikuwa za wauzaji watatu, zimemwagwa kwenye turubai moja. Mwenye kiwanda alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo likiharibika moja, yameharibika yote."

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni gharama. Kiwanda cha wafanyakazi 15 hakiwezi kubeba mfumo wa kompyuta wala mtu wa ubora anayelipwa mshahara wa mjini, na bima ya kawaida ya madhara kwa mlaji mara nyingi hailipi gharama za kukusanya bidhaa. Ile inayolipa hununuliwa peke yake. Nakubali. Ila hesabu hii hufanywa upande mmoja tu. Muhuri wa mkono na safu moja ya ziada kwenye kauntabuku havihitaji mkopo. Na anayekata uzalishaji wake katika matoleo madogo anapunguza hasara yake mwenyewe, kwa sababu siku ya kosa atapoteza zamu moja badala ya mwezi. Kwa mdogo, mstari mwembamba una thamani kuliko kwa mkubwa: Tiger Brands ilirudisha makopo milioni 20 na bado ipo, wakati kiwanda kile cha karanga kikirudisha mzigo wa mwezi mmoja kitafungwa.

Wapo pia wanaosema kwamba hata Wamarekani wamelegeza, sisi haraka ya nini. Ni kweli kwamba Machi 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilisogeza mbele kanuni yake mpya ya ufuatiliaji wa chakula, kutoka Januari 2026 hadi Julai 2028. Lakini kilichosogezwa ni kumbukumbu za kina za kila hatua, kwa vyakula vilivyoorodheshwa. Wajibu wa kiwanda kuwa na mpango wa maandishi wa kurudisha bidhaa pale chakula chake kina hatari inayohitaji kudhibitiwa, uliotokana na sheria ya mwaka 2011, haukuguswa. Wafanyabiashara wetu wanaouza nje waliopumua kwa habari ile wamesoma kichwa cha habari, kama sisi tunavyosoma jina la chapa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa sana vikaoni, ni ya kunyamaza: kutangaza kunawatisha wateja, kwa hiyo afadhali magari yapite kimyakimya yakusanye, mambo yaishe. Anayesema hivi anadhani siri ni yake. Tarehe 15 Desemba 2021 kiwanda cha Ferrero cha Arlon, Ubelgiji, kinachotengeneza chokoleti za Kinder, kiligundua bakteria wa salmonela ndani ya kuta zake. Bidhaa zilianza kuondolewa sokoni Aprili 2022, karibu na Pasaka, baada ya watoto katika nchi kadhaa za Ulaya kuugua na wachunguzi kuunganisha vipimo vyao hadi mlangoni. Kiwanda kikafungiwa. Kati ya Desemba na Aprili hakuna mteja aliyetishika, hilo ni kweli; walikuwa wanakula. Kukusanya kimyakimya kuna kasoro nyingine ya kimsingi: kunafika kwenye stoo ya wakala na rafu ya duka, hakufiki kabatini kwa mteja, na pakiti iliyo kabatini ndiyo itakayoliwa leo usiku.

Hoja nzito ni ile ya duka la mtaani, na kwa hii sina jibu jepesi. Mangi hununua kiroba cha kilo 25, anakifungua, anapima robo na nusu kwenye mfuko wa nailoni. Namba ya toleo imebaki kwenye kiroba, na kiroba kimeshakuwa cha mkaa. Mtengenezaji angepiga muhuri wa dhahabu, bado haumfikii mlaji. Nimewasikia wataalamu wakijibu kwamba dawa ni kupiga marufuku kupima. Hawa hawajawahi kuwa na shilingi mia tano mfukoni na watoto wanne nyumbani. Jibu la maana zaidi ni kutengeneza pakiti ndogo zinazouzika kwa bei hiyo, kama walivyofanya wauza sabuni na majani ya chai, na kukubali kwamba kwa kile kinachopimwa tangazo litalazimika kusema kwa lugha ya dukani: "ukinunua unga wa kupima kwenye duka lolote la mtaa huu kati ya Jumatatu na Ijumaa." Mstari mpana, lakini wa kweli.

Kuna jambo la mangi ambalo naliona kubwa kuliko kupima, nalo ni fedha yake. Mtengenezaji akitangaza kwamba pakiti zirudishwe, aliyezilipia ni mangi. Amezichukua kwa pesa taslimu kwa wakala wa jumla, ambaye naye alizichukua kwa mkopo wa siku 14 kwa msambazaji. Mipango mingi ya kurudisha bidhaa inaeleza nani atazungumza na vyombo vya habari, ila haielezi nani atamrudishia mangi 48,000 zake, wapi, na kwa risiti ipi, wakati mauzo yake mengi hayana risiti. Bila jibu hilo atafanya ambalo mtu yeyote mwenye kodi ya chumba atafanya: ataziuza haraka, pengine kwa bei ya kutupa. Tusidhani ni tabia ya uswahilini. Ufaransa, baada ya kampuni ya Lactalis kuamriwa kuondoa maziwa ya watoto ya kiwanda cha Craon, zoezi lililofikia makopo milioni 12 katika nchi 83, ilibainika Januari 2018 kwamba maduka makubwa kama Leclerc, Carrefour na Auchan yaliendelea kuyauza. Hayo yana kompyuta kwenye kila kaunta. Tofauti ni kwamba kule uzembe ulikuwa wa mfumo, huku ni hesabu ya tumbo, na hesabu ya tumbo inaweza kurekebishwa. Namba ya malipo ya simu iliyofunguliwa mapema kwa ajili hiyo, na tangazo linaloanza na neno "utalipwa", vitakusanya pakiti nyingi kuliko gari la polisi.

Kwa hiyo mzigo hauko kwa viwanda pekee. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019 kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, na wenzake wa Nairobi na Kampala, wangepunguza hofu mtaani kama tangazo lingeanza na namba ya toleo kwa herufi kubwa na jina la chapa likafuata, na kama tangazo la pili, la kusema zimekusanywa pakiti ngapi kati ya ngapi, lingekuwa la lazima. Hilo la pili karibu hatulioni. Benki zinazokopesha wasindikaji nazo huuliza hati ya kiwanja na mtiririko wa fedha, hazimwambii mkopaji, "nionyeshe katoni za Jumanne iliyopita ziko wapi." Ningekuwa afisa mikopo ningeanza na hilo, maana anayejua katoni zake zilipo anajua na madeni yake yalipo.

Yule mwenye kiwanda cha karanga alinipigia simu wiki kadhaa baadaye. Alikuwa ameongeza safu kwenye kauntabuku, amenunua muhuri, na ameamua kujifanyia zoezi kwa uzalishaji wa siku moja, katoni 212. Siku ya kwanza walizipata 171. Siku ya pili 29. Zilizobaki 12 zilimnyima usingizi. Dereva ndiye aliyekumbuka, siku nyingi baadaye, kwamba 3 kati ya hizo aliziacha gereji Tabata, kupunguza deni la matairi.